Ufadhili Haupatikani Mara Moja: Nasaha kwa Familia Zenye Wanafunzi wa Uzamili





Hapa kwetu Namatala, mtoto akipata ufadhili wa kusomea shahada ya uzamili, habari hufika sokoni kabla yeye mwenyewe hajafika nyumbani. Majirani huja kumpongeza mama yake, pilau hupikwa, na shehe huombwa asome dua. Hayo ni mambo mema, na kushukuru ni wajibu wetu. Lakini leo napenda tuzungumzie jambo linalokuja baada ya pilau kuliwa na vyombo kuoshwa. Nalo ni hili: ufadhili haupatikani mara moja. Hupatikana upya kila muhula, na unaweza kupotea muhula wowote.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na ni mtoto wa kwanza katika nyumba yetu yenye watoto sita. Mdogo wangu wa nne alipopata ufadhili wa kusoma uzamili wa afya ya jamii katika chuo kimoja mjini Kampala, mimi ndiye niliyetia saini kama mdhamini wake. Kwa hiyo haya ninayoyaandika nimeyaona kwa macho yangu, na saini yangu ilikuwa juu ya karatasi.

Tuanze na hali yetu ilivyo. Sisi watu wa Mbale tumebahatika. Tangu Februari 1988 tunacho Chuo Kikuu cha Kiislamu katika Uganda, kilichotokana na uamuzi wa mkutano wa nchi za Kiislamu uliofanyika Lahore mwaka 1974. Watoto wa Namatala wanaweza kwenda chuoni kwa miguu. Lakini kupata ada ya shahada ya kwanza na kupata ada ya uzamili ni mambo mawili tofauti. Ufadhili wa serikali katika vyuo vya umma huenda kwa wanaosoma shahada ya kwanza. Mikopo ya elimu ya juu iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2014 nayo ilianza na wanafunzi wa shahada ya kwanza, kisha wa diploma. Anayetaka uzamili au uzamivu analazimika kutafuta penginepo: Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ya Jidda, shirika la Wajerumani la DAAD, vyuo vyenyewe, au mwajiri wake. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Na kila anayetoa pesa hizo huweka masharti.

Masharti hayo, hata yakiandikwa kwa maneno mengi, kwa kawaida hupima mambo matatu.

Kwanza ni alama. Katika uzamili kiwango huwa juu kuliko shahada ya kwanza. Makerere, kwa mfano, anayesoma shahada ya kwanza hufaulu somo kwa alama 50, lakini wa uzamili lazima apate 60. Kwa hiyo kijana aliyezoea kusema "nimepita" akiwa na 55, akifika uzamili 55 hiyo hiyo humrudisha kulisoma somo upya. Na mfadhili huenda akataka wastani wa juu zaidi ya ule wa chuo.

Pili ni mwendo. Hapa wengi hawaelewi. Mfadhili haangalii tu alama za masomo uliyofaulu, huangalia pia ni masomo mangapi umeyamaliza kati ya yale uliyojiandikisha. Ukijiandikisha masomo matano ukamaliza matatu, hata kama yote matatu umepata alama za juu kabisa, mwendo wako ni asilimia 60. Somo uliloliacha katikati huhesabiwa kuwa ulilianza na hukulimaliza.

Tatu ni muda. Uzamili wa miaka miwili hulipiwa miaka miwili. Tasnifu haimngojei mtu, na mfadhili hangojei tasnifu.

Msidhani kwamba masharti haya ni ya huku kwetu tu. Ndugu zetu walioko Marekani wanaopata msaada wa fedha wa serikali ya huko hupimwa kwa mambo hayo hayo matatu, na sheria inalazimisha kila chuo kuwa na kanuni zake. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hupewa muda usiozidi asilimia 150 ya urefu wa kozi yake. Kwa wanafunzi wa uzamili, chuo chenyewe hupanga kikomo. Asiyefikia kipimo huweza kuonywa, kisha msaada hukatwa, isipokuwa akikata rufaa na rufaa yake ikakubaliwa. Na sababu zinazotajwa katika kanuni zao ni kufiwa na ndugu, kuumia au kuugua, au shida nyingine ya pekee. Hata wao wanajua kwamba mwanafunzi ni mtu mwenye mama na nyumba.

Sasa niwaeleze yaliyotupata.

Mkataba wa mdogo wangu ulikuja mwanzoni mwa mwaka 2022, vyuo vikiwa vimefunguliwa Novemba 2021 baada ya kufungwa kwa korona. Ulikuwa na kurasa nne, kwa Kiingereza. Tulikaa mkekani baada ya sala ya Isha, mimi nikasoma kifungu kimoja kimoja na kukieleza kwa Kiswahili ili Mama naye afuate. Wastani usishuke chini ya B. Masomo yote yafaulu. Ripoti ya maendeleo kila muhula, yenye saini ya msimamizi wake. Kumaliza ndani ya miezi 24. Na mwisho, kwamba mwanafunzi akiacha masomo bila sababu inayokubalika, yeye na mdhamini wake watarudisha fedha zote zilizotumika.

Mama yetu aliishia darasa la nne. Huuza mchele, mpunga wa mabonde haya yetu, na hesabu zake zote ziko kichwani. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Na akipatwa na jambo?"

Tukarudi kutafuta. Katika ukurasa wa tatu tukakikuta kifungu kidogo kilichosema kwamba mwanafunzi akipatwa na ugonjwa, msiba au janga linalozuia masomo, ni lazima amjulishe mfadhili kwa maandishi ndani ya siku 30, pamoja na ushahidi. Baada ya siku hizo, udhuru hausikilizwi. Mdogo wangu akakipigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Alianza masomo Aprili 2022. Mtihani wa muhula wa kwanza ulipangwa wiki ya kwanza ya Agosti. Ndugu zangu wa Mbale mnakumbuka kilichotokea. Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 31 Julai 2022, mvua kubwa ilinyesha milimani, na mito yetu, Nabuyonga na Namatala, ikavunja kingo zake. Watu zaidi ya 20 walifariki, Allah awarehemu. Nyumba zilibomoka na mabomba ya maji yakakatika. Kwetu maji yaliingia hadi usawa wa kitanda. Magunia ya mchele wa Mama yote yaliloa, na siku ya tatu yeye mwenyewe alishikwa na homa ya tumbo akalazwa.

Mdogo wangu alikuwa amekwisha kufanya mitihani mitatu. Alipanda basi usiku akaja, na mitihani miwili ikampita. Nani angemwambia binti asije kwa mama yake aliyelazwa? Hakuna. Lakini siku ile ile aliyofika, kabla hata hajabadilisha nguo, alimwandikia mkuu wa idara yake na wafadhili. Asubuhi nilikwenda kwa mwenyekiti wa LC 1, aliyekuwa akiandikia barua familia baada ya familia, naye akatuandikia na kugonga muhuri. Mama alipotoka hospitali tulichukua nakala ya karatasi yake. Vyote vikapelekwa ndani ya siku 12.

Agosti ile ile ilikuwa pia msimu wa imbalu, maana kama mjuavyo mwaka unaogawanyika kwa mbili ndio mwaka wa tohara kwa Wagisu. Mtoto wa baba mdogo alikuwa anaingia, na wengine katika ukoo walisema, "Huyu binti ameshafika nyumbani, basi akae mpaka sherehe iishe, atusaidie kupika." Mama alijibu akiwa bado amelala: "Binti yangu alikuja kwa ajili ya ugonjwa. Ugonjwa umepungua, arudi." Akarudi.

Wafadhili walijibu baada ya wiki sita. Walikubali udhuru, kwa sharti kwamba ile mitihani miwili aifanye mara itakapotolewa tena. Na hapa tukajifunza jambo jingine: masomo mengi ya uzamili hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Kwa hiyo mitihani ya Agosti 2022 aliifanya Agosti 2023, wakati wenzake walikuwa tayari kwenye utafiti. Mwendo wake ulikuwa masomo manane kati ya kumi mwaka mzima, bila kosa lake wala letu.

Kisha ukaja utafiti. Alitaka kuchunguza maji ya kunywa ya kaya za Namatala baada ya mafuriko. Katika nchi yetu, utafiti unaohusu watu lazima upite kwenye kamati ya maadili ya utafiti, kisha usajiliwe na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Ni jambo zuri, linawalinda watu wetu wasifanywe vitu vya kujaribia. Lakini linachukua muda. Alipeleka andiko lake Mei 2023, likarudishwa kwa masahihisho, akapeleka tena, na kibali kikapatikana Oktoba. Miezi mitano ikaenda, na saa ya mkataba haikusimama hata siku moja.

Januari 2024 barua ikaja. Ilisema mkataba unakwisha tarehe 31 Machi, pesa za kujikimu zitakoma siku hiyo, na asiyekuwa amewasilisha tasnifu atahesabiwa kuwa hakutimiza masharti. Nakala yangu, mimi mdhamini, ililetwa shuleni. Niliisoma nimesimama kwenye veranda, na nikapiga hesabu ya ada ya miaka miwili kwa mshahara wa mwalimu. Jumla yake haikuwa hesabu ya kumaliza katika maisha ya kazi yangu, huku wanangu nao wakihitaji kusoma.

Mdogo wangu aliandika rufaa. Hakuandika maneno ya kulia. Aliandika kurasa mbili tu: tarehe ya kila jambo na karatasi ya kulithibitisha. Barua yake ya Agosti 2022, jibu la wafadhili, muhuri wa LC 1, karatasi ya hospitali, barua za kamati ya maadili, na ratiba ya kumaliza mwezi kwa mwezi, yenye saini ya msimamizi wake. Afisa mmoja alimwambia kwa simu kwamba kama ile barua ya kwanza isingekuwa kwenye faili, wasingekuwa na cha kujadili. Waombaji wengine wa rufaa walikuwa wamepatwa na mambo makubwa zaidi ya mafuriko, lakini hawakuyasema wakati yalipotokea, na miaka miwili baadaye maneno matupu hayakusaidia.

Wakampa miezi sita, hadi mwisho wa Septemba 2024. Ada watalipa. Pesa za kujikimu hapana.

Tukaitisha kikao cha familia. Alihitaji shilingi 450,000 kwa mwezi, chumba, chakula na usafiri. Mimi nikatoa 200,000. Baba mdogo 100,000. Mdogo wetu wa bodaboda 100,000. Mama 50,000 kutoka kwenye mchele. Tuliandika daftarini na kila mmoja akatia saini, kwa sababu ahadi ya mdomo huisha na mwezi. Na tukakubaliana jambo la pili, lenye thamani kuliko pesa: kwa miezi sita hakuna mtu atakayemwita nyumbani isipokuwa kwa ugonjwa mzito au kifo. Mwaka 2024 ulikuwa wa imbalu tena, na safari hii baba mdogo mwenyewe ndiye aliyewaambia watu, "Yule mwacheni, yuko kazini."

Aliwasilisha tasnifu Agosti 2024. Alhamdulillah, alitetea, akafaulu, na mwaka uliofuata akavaa joho.

Ndugu zangu, kwa nini nimewaeleza haya yote? Kwa sababu mwanafunzi wa uzamili si mtoto wa sekondari. Mara nyingi ni mtu mzima, ana mume au mke, ana wazazi wanaozeeka, na ukoo unamhesabu kuwa ndiye tegemeo. Nimeona wachache wanaoshindwa kwa sababu ya akili. Wengi huangushwa na muda. Na muda wao sehemu kubwa uko mikononi mwetu sisi tulio nyumbani. Kila tunapomwita kwa harusi, kila tunapomwachia watoto wa ndugu, kila tunapomwomba ile pesa ya kujikimu ili kuezeka nyumba, tunakata kipande cha miezi 24. Hatuoni, kwa sababu hakikatwi siku hiyo. Hukatwa mwisho.

Basi nasaha zangu kwa familia ni hizi. Someni mkataba pamoja, kwa lugha anayoielewa mwenye elimu ndogo kuliko wote, maana yeye ndiye atakayeuliza swali la maana. Ukutani pa nyumbani bandikeni tarehe za mitihani, za ripoti na ya mwisho wa ufadhili, kama tunavyobandika ratiba ya Ramadhani. Na kabla hamjamwita nyumbani, angalieni ukutani kwanza.

Kwenu wanafunzi: jueni namba zenu tatu, alama, mwendo na muda, kila mwisho wa muhula, msingoje kuambiwa. Msiache somo katikati kabla ya kuuliza litahesabiwaje. Andiko la kamati ya maadili lianze mapema, hata kabla masomo ya darasani hayajakwisha, kama chuo kinaruhusu. Na likitokea jambo, andikeni siku hiyo hiyo. Wengi huona haya kumwambia mfadhili kwamba wamekwama, wanadhani kunyamaza ni heshima. Mfadhili hawezi kujua kilichotokea kama hakuna aliyemwambia.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ndani ya Suratul Baqara, inahusu deni: kuliandika, kuweka muda wake, kuweka mashahidi. Mola wetu hakuona kwamba kuandika ni kukosa kuaminiana. Mipango mingine ya ufadhili ina maana hiyo waziwazi. Mpango wa Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ulioanza mwaka 1983 kwa jamii za Waislamu katika nchi zisizo wanachama uliwekwa kuwa mkopo mwema usio na riba: kijana husoma, akipata kazi hurudisha kwa jamii yake ili mwingine asome. Anayechelewa bila sababu hachelewi peke yake, kuna kijana mwingine nyuma yake kwenye foleni. Na anayepewa nafasi baada ya dhiki, kama aliyopewa mdogo wangu, naye anadaiwa amalize.

Leo mdogo wangu anafanya kazi katika kituo cha afya, na kila mwezi hutuma pesa kidogo ya ada kwa mtoto wa sita. Mtoto huyo naye ameanza kusema habari za uzamili. Mama amekwisha kuuliza mkataba wake utakuwa na kurasa ngapi.

Allah awafungulie wanafunzi wetu milango ya elimu yenye manufaa, na atupe sisi tulio nyumbani subira ya kuwaacha wasome.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.